Mtoto Anayechelewa Kusema: Sababu Zake na Namna ya Kumsaidia

Msomaji, bila shaka umewahi kukutana na mtoto wa miaka mitatu au minne ambaye hasemi, au ambaye maneno yake machache hayafahamiki ila kwa mama yake. Hali hii iko mijini na vijijini, na mkoani Katavi iko kama ilivyo kwingineko. Jamaa wakikutana kulijadili jambo hilo, huyu husema, "Mwacheni, atasema mwenyewe, hata baba yake alichelewa." Yule husema kwamba mtoto amechanganyikiwa kwa sababu nyumbani pana lugha mbili au tatu. Wa tatu hushauri apelekwe kwa fundi akakatwe kimeo. Miaka hupita, mtoto huingia darasa la awali, na huko huketishwa nyuma na kupewa jina la bubu au mzito wa akili.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi usemi unavyotokea, kwa nini huchelewa kwa baadhi ya watoto, na tiba ya usemi na lugha ni kazi ya namna gani. Jambo kubwa tunalotaka msomaji alishike ni hili: miaka ya kwanza ya mtoto ndiyo miaka ambayo ubongo wake hujifunza lugha kwa wepesi zaidi, na kila mwaka unaopotea kwa kungoja hufanya kazi ya baadaye kuwa ngumu. Aidha, sehemu kubwa ya msaada anaouhitaji mtoto huyu yaweza kutolewa na wazazi na walimu wake, hata mahali ambapo mtaalamu hayupo.

USEMI NA LUGHA

Kwanza hapana budi kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchukuliwa kuwa ni kitu kimoja. Usemi ni utoaji wa sauti kwa kutumia pumzi, koo, ulimi na midomo. Lugha ni utaratibu wa maneno na maana uliomo akilini, ambao humwezesha mtu kuelewa wengine na kueleza fikira zake. Kasuku ana usemi lakini hana lugha. Kiziwi anayetumia lugha ya alama ana lugha iliyo kamili, yenye msamiati na sarufi yake, ingawa hatoi sauti.

Tofauti hii ina manufaa kwa mwalimu. Mtoto asemaye "tuku" badala ya "kuku", lakini anayeelewa kila anachoagizwa, ana tatizo la usemi. Mtoto anayetamka vizuri maneno machache lakini haelewi akiambiwa "chukua kikombe, umpelekee bibi", yaelekea ana tatizo la lugha, na hilo ni zito zaidi. Mwingine aweza kuwa na yote mawili.

SAUTI HUTOKEAJE?

Pumzi inapotoka mapafuni hupita kooni, ambako mna nyuzi mbili za sauti. Nyuzi hizo zikikaribiana na kutetemeka, sauti hupatikana. Kisha ulimi, meno, midomo na kaakaa huifinyanga sauti hiyo iwe herufi mbalimbali. Nyuma ya kaakaa gumu kuna kaakaa laini, ambalo hupanda na kuiziba njia ya puani, au hushuka na kuifungua. Wanafunzi wanaweza kuyathibitisha haya kwa majaribio matatu yasiyohitaji maabara.

Jaribio la kwanza: Weka vidole kooni, tamka "ssss", kisha "zzzz". Katika z utahisi mtetemo. Katika s hutauhisi. Ulimi haukubadili mahali pake. Kilichobadilika ni kazi ya nyuzi za sauti tu.

Jaribio la pili: Bana pua kwa vidole useme "papa". Neno litatoka sawasawa. Sasa sema "mama" ukiwa bado umebana pua. Neno litaharibika, kwa kuwa sauti m, n, ny na ng' huhitaji njia ya puani.

Jaribio la tatu: Shika kioo kidogo kikavu chini ya matundu ya pua, useme "mamama", kisha ukipanguse na useme "papapa". Mara ya kwanza kioo hupata ukungu. Mara ya pili hakipati, au hupata kidogo sana.

Jaribio hili la tatu linatueleza shida ya mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa kaakaa, ambao mara nyingi huambatana na mdomo wa sungura. Kwake yeye njia ya puani haizibiki. Pumzi inayohitajiwa kutamka p, t, k na s hupotelea puani, na maneno hutoka kwa king'ong'o. Akili yake haina kasoro kwa sababu hiyo. Anachohitaji kwanza ni upasuaji, na baadaye mazoezi ya kuielekeza pumzi kinywani.

HATUA ZA KAWAIDA

Watoto hawalingani, lakini hatua zao hufuatana kwa utaratibu unaojulikana. Kati ya miezi 6 na 10 mtoto hurudiarudia silabi kama "bababa" na "mamama". Karibu na mwaka 1 hutamka neno lake la kwanza lenye maana. Afikapo miaka 2 huunganisha maneno mawili. Katika mwaka wa 3 husema sentensi fupi, na kwenye umri wa miaka 4 mgeni asiyemzoea huelewa sehemu kubwa ya maneno yake.

Katika Kiswahili yapo mambo ya kuangaliwa kwa makini, kwa sababu neno letu moja laweza kuwa sentensi nzima. "Nitakupa" ni neno moja lenye mtenda, wakati, mtendewa na tendo. Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi na kuchapisha kitabu juu ya jambo hili mwaka 2005, alionyesha kwamba watoto wadogo mara nyingi huacha viambishi vya mwanzo: husema "taka maji" pale ambapo mtu mzima angesema "nataka maji". Kadhalika hukosea upatanisho wa ngeli, wakasema "kitabu yangu" kabla ya kufikia "kitabu changu". Makosa hayo ni dalili ya kujifunza, na mtoto wa miaka miwili asemaye hivyo yuko njiani.

Kuhusu matamshi, sauti za midomo kama m, b na p hutangulia. Sauti r ni miongoni mwa zile zinazochelewa, na ndiyo maana watoto wengi husema "gali" kwa "gari". Vipimo vya namna hii kwa lugha zetu bado ni vichache. Mwaka 2015 Nazneen Gangji na wenzake walichapisha uchunguzi wa matamshi ya watoto wa Dar es Salaam wa umri wa miaka 3 hadi 5. Huko Kilifi, nchini Kenya, Katie Alcock na wenzake walitayarisha orodha za maneno ya Kiswahili na Kigiriama ili kupima msamiati wa watoto kwa kuwauliza wazazi, hata wale wasiojua kusoma. Kazi za namna hii ni muhimu, kwa sababu kumpima mtoto wa Mpanda kwa kipimo kilichotungwa kwa watoto wa Kiingereza ni kumdhulumu.

JE, LUGHA NYINGI HUMCHELEWESHA MTOTO?

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka mkoa wa Rukwa mwaka 2012, ni mahali pazuri pa kuliangalia swali hili. Wenyeji wake ni pamoja na Wabende, Wapimbwe na Wakonongo. Wafipa wametoka kusini, na wafugaji wa Kisukuma wamehamia kwa wingi. Katumba na Mishamo yalifunguliwa makazi ya watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, na wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Kwa hiyo si ajabu mtoto mmoja kusikia Kisukuma kwa bibi, Kirundi kwa jirani, na Kiswahili sokoni na shuleni.

Wataalamu waliowachunguza watoto wa lugha mbili na zaidi katika nchi mbalimbali wanakubaliana kwamba wingi wa lugha hauleti ugonjwa wa lugha. Mtoto aweza kuwa na maneno 20 ya Kisukuma na 20 ya Kiswahili. Anayehesabu ya Kiswahili peke yake atadhani mtoto amechelewa, kumbe ana 40. Mtoto mwenye tatizo la kweli huwa nalo katika lugha zake zote. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mwalimu kwa mzazi liwe, "Je, nyumbani, kwa lugha yenu, anasemaje?" Kumwamuru mama aache lugha yake na kuzungumza na mwanawe kwa lugha asiyoimudu ni kumpunguzia mtoto mazungumzo, wakati ndiyo dawa anayoihitaji.

Vilevile mwalimu asichanganye lafudhi na kasoro. Lugha kadhaa za Kibantu hazitofautishi r na l kama Kiswahili kinavyofanya. Mwanafunzi asemaye "kulala" na "kurara" bila kutofautisha, kama wasemavyo wazee wake, hana ugonjwa. Anahitaji kufundishwa Kiswahili tu.

SABABU ZA KUCHELEWA

Sababu ya kwanza ya kuchunguzwa, daima, ni masikio. Asiyesikia maneno hana mahali pa kuyapata. Uziwi waweza kuwa wa kuzaliwa, au ukaletwa na homa ya uti wa mgongo, surua, umanjano mkali wa mtoto mchanga, au baadhi ya dawa kali kama gentamisini zikitumiwa bila uangalizi. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara hupunguza usikivu kidogo kidogo, na mzazi hudhani mtoto ni mkaidi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazozuilika. Chanjo, na tiba ya mapema ya sikio lenye usaha, ni sehemu ya kuzuia huko; sikio hilo lisitiwe mafuta wala maji ya majani.

Uzito wa kuwahi ulionyeshwa mwaka 1998 na Christine Yoshinaga-Itano na wenzake huko Colorado, Marekani. Watoto wenye upungufu wa kusikia waliogunduliwa kabla ya kutimiza miezi 6 na kusaidiwa mara moja, walikuwa na lugha bora kuliko wale waliogunduliwa baadaye. Watoto wa makundi yote mawili walikuwa na matatizo ya kusikia. Tofauti kubwa baina yao ilikuwa ni wakati wa kuanza kusaidiwa.

Sababu ya pili, ambayo yahusu sana nyanda za magharibi, ni malaria kali inayopanda ubongoni. Uchunguzi uliofanywa Kilifi uligundua kwamba watoto waliopona malaria ya namna hiyo walikuwa na matatizo ya lugha zaidi ya wenzao ambao hawakuipata. Mtoto aliyekuwa akisema, akaugua hadi kupoteza fahamu au kupata degedege, apimwe usemi na usikivu wake baada ya kupona. Chandarua, basi, hulinda pia lugha ya mtoto.

Zipo sababu nyingine: mtindio wa ubongo, ambao huzuia misuli ya kinywa; usonji, ambao hugusa namna mtoto anavyohusiana na watu; na mpasuko wa kaakaa tuliokwisha kuutaja. Kuna pia tatizo la lugha lisilo na sababu ya wazi, ambapo mtoto husikia vema na akili yake ni timamu, lakini lugha humwia ngumu. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2016 uliwakuta watoto wa namna hii kuwa karibu 7 katika kila 100. Katika darasa la wanafunzi 60, kiwango hicho ni sawa na watoto 4.

Ama kigugumizi, huwapata watoto wengi kati ya miaka 2 na 5, na wengi wao huachwa nacho wenyewe. Mtoto mwenye kigugumizi asikatizwe, asimaliziwe maneno, wala asichekwe.

Vipi kuhusu kukata? Kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Kukikata hakumfanyi mtoto aseme. Kwaweza kumletea kutoka damu kwingi na maambukizo, hata kifo. Udata, yaani utando unaoushikilia ulimi chini, waweza kumsumbua mtoto katika kunyonya na pengine katika baadhi ya matamshi, lakini haumzuii kujifunza lugha. Uamuzi wa kuukata ni wa daktari.

TIBA ILIVYO

Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha huanza kwa kuuliza na kutazama: mtoto husikiaje, huelewa nini, huchezaje, huombaje kitu asichoweza kukitaja? Kisha huchagua lengo dogo, kwa mfano maneno kumi ya matumizi ya kila siku, na kumfundisha mzazi namna ya kulifuata nyumbani. Saa moja kwa mtaalamu haitoshi. Siku nzima ya nyumbani ndiyo inayokamilisha tiba.

Wataalamu hawa ni wachache sana katika Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kutoa shahada ya fani hii mwaka 2008. Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusikia katika sikio la ndani, na mtoto aliyepandikizwa huhitaji mafunzo marefu ya kuzitambua sauti. Kwa mzazi wa Mpanda njia ya kawaida huanzia kliniki ya mama na mtoto, hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, na inapobidi hadi hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Kwa mtoto kiziwi, ifahamike kwamba Shule ya Viziwi Tabora, katika mji ambao Mpanda imeunganishwa nao kwa reli ya kupitia Kaliua, ilifunguliwa mwaka 1963 nayo ndiyo ya kwanza nchini. Mtoto huyo aanze lugha ya alama mapema, pamoja na jamaa zake. Alama hazimzuii kusema kama ana uwezo wa kusema.

YANAYOWEZEKANA NYUMBANI NA DARASANI

1. Fuata macho ya mtoto. Taja kile anachokitazama yeye. Akitazama jogoo, hilo ndilo neno la saa hiyo.

2. Subiri. Ukimwuliza jambo, hesabu moyoni hadi 10 kabla ya kusema tena. Watoto wengi huwa wako karibu kujibu tunapowakatiza.

3. Ongeza kidogo. Mtoto akinyoosha kidole kwenye mtungi na kusema "Taka," mama asiseme, "Sema vizuri!" Aseme, "Unataka maji? Haya, maji haya. Maji baridi." Mtoto amesikia neno "maji" mara tatu, kila mara likiwa na maana mbele yake.

4. Mpe nafasi ya kuchagua. "Unataka ndizi au karanga?" humdai neno zaidi kuliko "Unataka ndizi?", ambalo laweza kujibiwa kwa kichwa.

5. Tumia kazi na michezo iliyopo. Kupepeta mchele, kuteka maji, kuimba, kuhesabu kuku jioni, yote ni masomo ya lugha. Vitendawili na hadithi, ambazo hudai kuitikiwa, humzoeza mtoto kupokezana zamu za kusema.

6. Darasani, mketishe mbele, umtazame usoni unapozungumza, utoe agizo moja kwa wakati mmoja, na umpe mwenzake mpole wa kukaa naye.

Aidha, mwalimu anaweza kufanya jaribio dogo la usikivu. Simama nyuma ya mtoto, hatua tatu, mahali asipoona kivuli chako, umwite jina kwa sauti ya chini. Rudia siku kadhaa. Asipogeuka, apelekwe hospitali. Akigeuka isihesabiwe kwamba masikio ni mazima kabisa, kwa maana aweza kusikia sauti nzito na kuzikosa nyembamba kama s na f.

HITIMISHO

Ni kweli kwamba baadhi ya watoto wanaochelewa husema baadaye bila msaada wowote. Shida ni kwamba katika umri wa miaka miwili hakuna awezaye kujua kwa hakika ni yupi atakayefuata njia hiyo na ni yupi hatafuata. Kumpima masikio na kuzidisha mazungumzo naye hakumdhuru yule ambaye angesema mwenyewe, na huenda kukamwokoa yule ambaye asingesema. Kwa hiyo mtoto wa mwaka 1 na nusu asiye na neno hata moja, wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, au wa umri wowote aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, apelekwe kliniki bila kungoja. Na yule ambaye tayari ameketi kimya nyuma ya darasa, aletwe mbele kesho asubuhi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Fanya majaribio matatu yaliyoelezwa. Ni sauti zipi za Kiswahili zinazopitia puani?

2. Mtoto wa miaka 5 husema "lafiki" kwa "rafiki". Ni mambo gani ungeuliza kabla ya kuamua kama ana tatizo la usemi?

3. Orodhesha lugha zinazosemwa nyumbani kwa wanafunzi wa darasa lako. Ni zipi kati yake zinazotofautisha r na l?